Maziwa Aliyopewa Deodata

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, Mzee Shibuda, shemeji yangu Fideli, ndugu wa Mbuba mliokuja na lori na ndugu wa hapa Nyakanazi mliotupokea: Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Bonifasia Privatus, dada mkubwa wa marehemu. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe. Kamati ya mazishi iliuomba ikaupitie, nikawaambia hapana, najua mkisema kupitia mnamaanisha kupunguza. Leo Jumapili naupeleka stesheneri kwa miguu yangu, nitakaa kwenye benchi mpaka karatasi ya mwisho itoke kwenye mashine, kisha nitalala nazo chini ya mto. Kwa hiyo mlichoshika mkononi ndicho ninachosoma. Atakayeona neno limebadilika anyooshe mkono.

Nina sababu ya kuwa hivi. Tangu Alhamisi maneno yanazunguka msibani, jikoni kwa akina mama na kule kwenye moto kwa wanaume, kwamba Deodata aliwekewa kitu kwenye maziwa na aliyemwekea anajulikana. Anatajwa Nyandwi wa Murusagamba, mkamuaji. Wako vijana wa ukoo wetu walioapa kwamba akikanyaga uwanja huu atatoka amebebwa. Basi sikilizeni vizuri: Nyandwi nimemwita mimi, na mke wake Joyness, na nimewaambia wasimame nyuma ya turubai mpaka nitakapowaita. Mdogo wangu hafukiwi kabla haijajulikana alipewa nini, alipewa na nani, na kilitoka wapi. Vijana, kaeni chini.

Deodata alizaliwa tarehe 14 Mei 1971 huko kwetu Mbuba, wilaya ya Ngara, mtoto wa tatu wa Mzee Privatus na Mama Eustakia, ambao wote wametangulia. Baba alikuwa na ng'ombe wachache wa kienyeji. Kwetu siku zile mwanamke hakamui. Atafagia zizi, ataosha vibuyu, atashika ndama mpaka mikono ife ganzi, lakini anayechuchumaa chini ya ng'ombe ni mwanaume. Deodata alishika ndama miaka mingi, macho yake yakiwa kwenye mikono ya baba. Siku moja baba ameteguka kifundo cha mkono, kaka yetu Aristides yuko gulioni, na ng'ombe analia kwa maziwa kumjaa. Ndani ya nyumba baba akasikia maziwa yanagonga kibuyu. Akapaza sauti, "Nani anakamua huko?" Deodata akajibu, "Ndama, baba." Baba alicheka mpaka akashindwa kukasirika. Jioni alituweka wote mstari, akasema asisikie neno hilo limefika kwa jirani.

Alisoma shule ya msingi palepale Mbuba kuanzia 1979 hadi 1985. Wa umri wetu mnakikumbuka kile kibao. Ukisema Kihangaza uwanjani unavishwa kibao shingoni, na hukivui mpaka umnase mwenzako naye akiteleza, umvishe yeye. Watoto tulifuatana mpaka chooni tukisikilizana. Mimi kibao hakikuwahi kunikaa shingoni mpaka saa ya kula, nilikuwa na masikio. Deodata akivishwa alikaa nacho mpaka kengele ya mwisho, anacheza nacho, anaruka nacho kamba. Nilimwambia, "Wewe mtoto una akili kweli?" Akasema hataki kumchunguza mtu anapoongea lugha ya mama yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba sisi wawili tumetoka tumbo moja lakini hatufanani.

Alimaliza sekondari mwaka 1989, akaenda chuo cha mifugo, akapata cheti mwaka 1992. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa afisa mifugo wilayani Biharamulo. Alizunguka vijijini kwa baiskeli, baadaye pikipiki, akichanja, akizalisha, akikemea. Wazee walimwita "yule mwanamke wa sindano," na walikuwa wanamsalimia kwa heshima kwanza kabla ya kumweleza tatizo, maana asiposalimiwa hakushuka kwenye pikipiki.

Tarehe 28 Desemba 1996 alifunga ndoa takatifu na Fideli, seremala, mwenyeji wa hapa. Shemeji, leo naomba usinikasirikie, lakini tuko kaburini na lazima niseme kweli. Mimi sikukuamini. Mtu anayetabasamu namna ile namuuliza anaficha nini. Nilikuja Biharamulo kimyakimya, nikauliza habari zako sokoni, kanisani na kwa fundi mwenzako mliyegombana naye. Sikupata baya hata moja, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Miaka mingi nimekaa nikingoja ujitokeze ulivyo. Mwaka huu nimekuona ukimwosha mke wako, ukimgeuza, ukimlisha uji kwa kijiko, ukimwimbia vibaya kweli. Nadhani umeshajitokeza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Avelina na Wiston.

Mwaka 2018 Deodata aliacha kazi ya serikali akachukuliwa na Mzee Shibuda, mwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko barabara ya Biharamulo. Wengi wenu maziwa yake mmeyanywa bila kujua. Madereva wa malori wanaolala hapa Nyakanazi, chai yao ya maziwa inatoka kwake. Kazi ya Deodata ilikuwa kuwafundisha wakamuaji, na hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Darasa lilikuwa kila Jumamosi baada ya kukamua asubuhi, kwenye banda la nyasi. Alifundisha kwa lugha mbili. Kwanza Kiswahili, ili msimamizi Gidioni asikie, kisha jambo lilelile kwa Kihangaza, maana wakamuaji karibu wote wametoka Murusagamba na vijiji vya mpakani. Watu walimuuliza, kwani hawajui Kiswahili? Alikuwa anajibu: Kiswahili cha kununulia sabuni wanacho, Kiswahili cha kumbishia mwalimu hawana.

Aliwafundisha kunawa kabla ya kushika chuchu. Aliwafundisha kila ng'ombe na kitambaa chake, na maziwa ya mwanzo kuyakamulia kwenye kikombe cheusi ili mabonge yaonekane. Ng'ombe akipigwa sindano maziwa yake yamwagwe mpaka dawa iishe mwilini. Ng'ombe akitupa mimba, asiguswe kwa mikono mitupu, na habari zitolewe siku hiyohiyo. Na juu ya yote, maziwa yachemshwe nyumbani, yasinywewe mabichi.

Hilo la kuchemsha ndilo lililokuwa vita. Sisi wengine tumelelewa tukiambiwa ukichemsha maziwa unamuunguza ng'ombe chuchu huko aliko, anakauka. Deodata akilisema kwa Kiswahili, banda zima linajibu, "Sawa, mwalimu." Akirudia kwa Kihangaza, hapo sasa! Mmoja anasema ng'ombe akikauka mwalimu atatupa wa kwake? Mwingine anasema bibi yake alikunywa mabichi mpaka akazikwa mzee. Wa tatu anataka kujua moto unampataje ng'ombe aliyeko malishoni, na wenzake wanamgeukia yeye. Deodata anamjibu huyu, anamtania yule, wanacheka, wanaanza upya. Jua linapanda, darasa halijaisha. Na wakirudi nyumbani, wachache wanachemsha. Wiki inayofuata wanaongezeka.

Gidioni aliyaona hayo akayapeleka kwa mwenye shamba. Alisema Kiswahili cha mwalimu ni kifupi na Kihangaza chake ni kirefu, kwa hiyo ipo nyongeza, na nyongeza hiyo inafanya watu wacheke. Sisemi kwa kusikia. Nimemuuliza Gidioni mwenyewe hapa msibani, amekubali kwamba ndivyo alivyosema. Mzee Shibuda akamwita Deodata.

"Mwalimu, hiyo nyongeza ya Kihangaza ni ya nini?"

"Ni ya kwao, mzee. Mimi nasema yaleyale. Wanaoongeza ni wao, wanabisha."

"Wanabisha nini?"

"Kila kitu."

"Basi wabishe kwa Kiswahili, na mimi nisikie."

"Mzee, wewe ukiongea Kisukuma kwenye simu mbele yetu, nani amewahi kukuuliza unaongeza nini?"

Mzee Shibuda akasema, "Simu ni yangu, na shamba ni langu." Kuanzia Juni 2022 darasa likawa Kiswahili peke yake, na Gidioni akawekewa kiti mbele.

Mzee, unanitazama. Nitazame tu. Simo katika kukutukana, nasema ilivyokuwa. Ulidhani mwalimu anawachochea watu wako. Mimi ningekuwa na shamba na watu wanacheka kwa lugha nisiyoijua, ningedhani hivyohivyo. Lakini matokeo yake ulikuwa huyaoni. Darasa likawa linaisha kabla chai haijapoa. "Chemsheni." "Sawa, mwalimu." "Ng'ombe akitupa mimba mtoe taarifa." "Sawa, mwalimu." Hakuna swali, hakuna kicheko, kila mtu anaondoka na alichokuja nacho.

Wakamuaji nao wakaanza kumtilia shaka Deodata. Walimwona amekaa na Gidioni, anaongea lugha ya Gidioni, wakasema amenunuliwa, sasa ni masikio ya tajiri. Akipita kwenye nyumba zao nyuma ya shamba, mazungumzo yanakatika. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Basi. Alinipigia simu akalia. Nikamwambia waache, kwani ni mama yao? Akasema, "Dada, kuna kitu wanaficha, na si kizuri." Kwa mara ya kwanza maishani mdogo wangu alikuwa anashuku kitu, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia apuuze.

Hakupuuza. Jumapili baada ya misa akaanza kuwatembelea, nyumba kwa nyumba, anaongea Kihangaza barazani ambako Gidioni hana kiti. Walimpokea mlangoni, hawakumkaribisha ndani. Mpaka Jumapili moja ya Oktoba 2022, Nyandwi akamwambia, "Ingia, mwalimu."

Wale msiotoka upande wetu, niwaeleze. Kwetu mgeni akikaribishwa kinywaji, mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya macho yake, ndipo anampa. Maana yake sijakuwekea kitu. Na mgeni akikataa baada ya mwenye nyumba kuonja, amemwita mchawi nyumbani kwake, mbele ya watoto wake. Hakuna kurudi tena pale. Joyness alileta kikombe cha maziwa. Mabichi. Nyandwi akaonja, akampa.

Deodata alijua ni mabichi. Nani angejua zaidi yake? Huyu ndiye aliyekuwa ananipigia simu mimi dada yake, mtu mzima, kuniuliza, "Umechemsha?" Lakini majirani walishajaa mlangoni. Akisema yachemshwe kwanza, watasikia kwamba hawaamini. Akisema ameshiba, ndiyo kabisa. Akayanywa, yote, akarudisha kikombe kitupu. Baadaye nilimfokea kwa simu, nikamuuliza ulikuwa unawaza nini wewe mwanamke. Akanijibu, "Dada, walikuwa wananitazama koo."

Kikombe kiliposhuka ndipo Nyandwi akafungua mdomo. Akamwambia kwamba tangu kiangazi ng'ombe wa shamba wanatupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Wakamuaji wanatoa ndama wafu kwa mikono mitupu na kuwafukia nyuma ya uzio. Gidioni amewakataza kusema, kwa sababu habari ikifika Nyakanazi hakuna atakayenunua maziwa. Na maziwa ya ng'ombe hao hayapelekwi kwa wateja. Yanagawiwa kwa wakamuaji kama posho.

Deodata akamuuliza, "Na haya niliyokunywa?"

Nyandwi akasema, "Ni hayo, mwalimu. Ndiyo tunayopewa."

Nataka mrudie kulisoma hilo kwenye karatasi zenu, ukurasa wa tatu. Maziwa aliyokunywa Deodata yalitoka kwenye banda la shamba. Nyandwi aliyapokea, akayaonja, akawapa watoto wake, akampa mgeni wake. Alimpa alichokuwa nacho.

Najua mnasema Bonifasia amedanganywa. Mimi? Ijumaa nilimweka Nyandwi chini nikamhoji kwa Kiswahili. Jumamosi nikamhoji kwa Kihangaza, nikianzia mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu mtu wa uongo hukariri kuanzia mwanzo. Joyness nilimtenga peke yake akimenya ndizi, nikamuuliza huku nikijifanya nimeshaambiwa tofauti. Akaniambia, "Mama, aliyekuambia hivyo hakuwepo." Nikamgeukia Gidioni. Gidioni anasema ni kweli aliwagawia, hakujua yana ugonjwa, aliona kumwaga chakula ni dhambi wakati watu wana watoto. Mzee Shibuda anasema mpaka wakati huo habari za mimba kutupwa hakuletewa. Inawezekana. Siwezi kuingia moyoni mwa mtu. Ninachojua ni kwamba watu wote hao niliwahoji mbalimbali na maziwa yanatoka mahali palepale.

Jumatatu yake Deodata alikwenda kumwambia Mzee Shibuda ng'ombe wapimwe damu. Mzee akamuuliza swali moja tu: "Nani amekuambia?" Hakumtaja. Mzee akaona hapo pana njama, pengine watu wanawapa ng'ombe dawa ili wamkomoe, na mwalimu ndiye kichwa. Akamsimamisha kazi Novemba 2022. Ng'ombe waliendelea kutupa mimba mpaka mwaka uliofuata, ndipo wataalamu wa serikali wakaja wakapima, wakakuta brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaowapata watu kwa maziwa mabichi, uleule aliowafundisha kujikinga nao. Ng'ombe wengi wazuri wakaondolewa. Siku ile, naambiwa, Mzee Shibuda alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake bila kofia.

Wakamuaji nao walipimwa. Nyandwi alikutwa nao, na wenzake kadhaa. Homa zinazokuja na kuondoka, viungo vinauma, jasho, walikuwa wanaziita uchovu. Deodata, ambaye hakuwa mwajiriwa tena, aliwapeleka hospitali, akakaa nao, akawaeleza dawa kwa lugha mbili, akawafuata nyumbani mpaka wakamaliza dozi. Nyandwi alimtania, "Mwalimu, hata Gidioni hakutulinda hivi." Walipona wote. Na ukienda leo kwenye zile nyumba, saa ya jioni utasikia harufu ya maziwa yanayochemka.

Deodata naye alipimwa, akakutwa nao, akapewa dawa zilezile. Hapa nina hasira naye na nitaendelea kuwa nayo. Alizinywa za mwanzo, homa ikashuka, akajiona mzima, akaacha. Ana watu wa kufuatilia, ana barabara za kwenda. Aliwasimamia wengine kila kidonge, cha kwake kikabaki kwenye mkoba. Fideli hakujua. Mimi niliuliza kwa simu, akaniambia, "Namaliza, dada." Mtu ambaye hakuwahi kunidanganya tangu azaliwe, nikamwamini. Siku moja niliyoamua kumwamini mtu!

Agosti 2024 homa ikarudi. Zahanati walisema malaria, akatibiwa malaria. Ikarudi tena, safari hii na miguu kuvimba na pumzi kumkatika akipanda kilima kidogo. Mwezi Januari mwaka huu tulimpeleka hospitali kubwa Mwanza. Daktari akasema vijidudu vya brusela vimekaa kwenye valvu ya moyo, vimeila. Nilimuuliza kama ni sumu. Akasema hapana. Nikamuuliza tena kesho yake, na siku iliyofuata nikamvizia mlangoni. Akasema, "Mama, nimeshakujibu." Nikamwambia, "Nijibu tena, nikutazame usoni." Akasimama, akanitazama, akanijibu tena. Hapana.

Mdogo wangu alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa za watu kuoga na kunywa chai, mimi na Fideli tukiwa kando ya kitanda chake hospitalini. Siku mbili kabla, akiwa bado na sauti, nilimwinamia nikamuuliza kwa Kihangaza, ili wauguzi wasisikie, "Huyo Nyandwi, hukumshuku hata kidogo?" Akanitazama kama anavyomtazama mtu asiyefanya mazoezi ya darasani. Akasema, "Dada, alionja yeye kwanza. Na yeye aliugua."

Nikamuuliza ana neno la kuwaachia watu. Nilitegemea la watoto. Akasema, "Nani atawafundisha?"

Nalijibu hilo hapa. Mwaka jana Mzee Shibuda alikwenda nyumbani kwa Deodata, akaomba darasa lirudi. Deodata akasema litarudi kwa lugha mbili. Mzee akasema atafikiria. Kifo kimetangulia, mzee bado anafikiria. Sasa ametuletea turubai, mahindi na gari la kubebea mwili, na juzi ametangaza mbele ya watu kwamba darasa litafunguliwa tena na litaitwa jina la marehemu. Mzee, asante. Lakini mimi mtu akianza kutoa kabla hajaombwa, huwa nachungulia nyuma yake. Nilipomuuliza Gidioni darasa hilo litafundishwa kwa lugha gani, alisema Kiswahili, ili kila mtu aelewe. Kwa hiyo jina mnataka la Deodata, na kazi mnataka ileile iliyomuua.

Deodata ameacha mume, Fideli, watoto, Avelina na Wiston, kaka, Aristides, dada, Bonifasia, na wanafunzi wake wakamuaji, pamoja na Nyandwi na Joyness wa Murusagamba. Kamati ilisema wanafunzi hawaandikwi kwenye orodha ya wafiwa, na kwamba jina la Nyandwi litaleta fujo. Limeandikwa. Liko mstari mmoja na langu, na atakayelikata kwa kalamu akate na la kwangu.

Neno la mwisho. Kila siku ya msiba huu Nyandwi na Joyness wameleta kopo la maziwa ya ng'ombe wao wenyewe, si ya posho, na kila siku limerudi limejaa. Nimewaona mnavyolizunguka. Leo nimewaambia walete tena kesho, siku ya mazishi. Ninapoandika ni Jumapili. Mtakapokuwa mnanisikia nitakuwa nimeshayachemsha mimi, kwa sufuria yangu, na sitakuwa nimempa mtu mwiko wala kugeuka kutazama anayeniita. Kwa hiyo mnajua yametoka wapi na yamepita mikononi mwa nani.

Nikimaliza hapa, Nyandwi atapita katikati yenu aje kaburini. Vijana, mtampisha. Ataonja yeye kwanza. Wa pili nitakunywa mimi, Bonifasia, mnayenijua, nisiyekunywa hata maji kwa mtu bila kuuliza kisima. Kikombe cha tatu ni cha Mzee Shibuda. Mzee, ukinywa, utuambie hapahapa mbele ya mwanamke huyu aliyelala kwenye jeneza: darasa ni kwa lugha mbili, na mwalimu wake ni Nyandwi. Usiponywa hatutakulazimisha. Jioni utakuja kuchukua turubai lako, na jina la mdogo wangu utaliacha hapa alipo.

Mungu amlaze Deodata pema, ampe amani aliyokuwa anaitafuta barazani kwa watu.

Nyandwi, njoo mbele.